Nilifunga Ili Niondoke

Ninamwandikia mtu mmoja. Ameanza dawa za kifua kikuu wiki hii au iliyopita, anameza mbele ya muuguzi kama alivyoagizwa, na kichwani mwake kuna wazo ambalo hajamwambia mtu. Simjui jina. Najua tu kwamba yupo, kwa sababu juzijuzi mtu huyo nilikuwa mimi. Sasa nimemaliza dawa, makohozi yamepimwa na hayana kitu, na nimerudi kazini. Nitaeleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea, na pale ambapo sielewi nitasema sielewi.

Naitwa Jillo. Hapa Garsen wengi wananiita Karani, kwa kuwa nimekuwa karani wa ofisi ya chifu miaka mingi. Kazi yangu mojawapo ni kuandika vibali vya kuzika. Mtu akifia nyumbani, jamaa zake huja, nami nauliza jina, umri, kijiji, na amekufa kwa nini. Neno la mwisho hilo ndilo zito. Niliwahi kuandika kibali cha mwanamume aliyejiua, nikaona yaliyofuata. Mwalimu wa chuo cha Kurani hakutoka nyumbani kwake kuja kumsalia, watu waliochukua jeneza hawakutosha kupokezana, na binti za marehemu wakawa wananyooshewa vidole kila waendako kuteka maji. Nimeandika pia vibali vya watu waliokunywa mpaka wakafa. Kwao matanga yalijaa, watu wakala, wakasema marehemu alikuwa mcheshi. Sikujiuliza tofauti iko wapi. Niliandika, nikapiga muhuri, nikamwita anayefuata.

Nilikuwa nikivuta sigara tangu ujana. Mke wangu, Hadija, alikuwa akisema, "Baba Zainabu, hizo zitakuua," nami nikijibu kwamba kila mtu ana ajali yake. Katikati ya mwaka wa tisini na saba nikaanza kukohoa. Mvua zile kubwa zilipoanza, zile ambazo redio ilizipa jina la kigeni, nilikuwa nimeshatoboa mshipi wangu tundu mbili mpya. Mwezi wa Novemba nikatema damu kwenye leso.

Pale kituo cha afya kuna benchi moja refu ukutani. Mgonjwa wa mbele akiingia, wote mnasogea. Ubao umekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani kwa miaka ya watu kusogea. Nilikaa pale siku tatu tofauti, na nilijifunza kwamba kila mtu anasikiliza kikohozi cha mwenzake na kukilinganisha na chake. Hakuna anayezungumza. Mama mmoja alinipa nusu ya chungwa bila kuniangalia usoni, na mpaka leo nalikumbuka chungwa lile kuliko maneno ya daktari.

Picha ya kifua nilipigiwa Malindi, siku chache kabla barabara haijakatika. Daktari aliishika dirishani, nikaona mbavu zangu, na kati ya mbavu mawingu. Sikuogopa mara moja. Nilistaajabu kwanza. Nilikuwa nimetembea na mbingu ya masika ndani yangu na sikujua.

"Unavuta?" daktari akauliza.

"Navuta."

"Basi unajiua kidogo kidogo, mzee."

Alisema kama tunavyosema sote, bila kupima. Lakini mimi ni mtu wa kuandika maneno kwenye mistari, na neno lile niliondoka nalo.

Nyuma ya kituo kulikuwa na vibanda vya nyasi, watu wakiviita manyatta ya kifua, walikowekwa wafugaji waliotoka mbali ili wasikatize dawa. Mimi ni wa karibu, lakini maji yalikuwa yameshaingia nyumbani kwangu. Hadija alimchukua Zainabu, mtoto wetu wa miaka saba, wakahamia kwa kaka yake ng'ambo ya pili, na mimi nikapewa kibanda. Kutoka mlangoni niliuona mto Tana ukiwa hauna kingo. Mashamba, njia, soko la ng'ombe, vyote vilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda taratibu kama yenye safari yake. Kuku na nyoka walikaa kwenye kichuguu kimoja wakaachana kwa amani. Niliwahi kumwona ng'ombe akipita anaogelea, pembe tu na pua, na nyuma yake mwenye ng'ombe anaogelea pia, anamtia moyo kwa Kiorma kama mtu anayezungumza na mtoto.

Matibabu yalikuwa sindano na vidonge kila asubuhi kwa miezi miwili, kisha vidonge pekee kwa miezi sita. Siku ya kwanza nilikojoa mkojo mwekundu, nikapiga kelele. Jirani yangu wa ukuta mmoja, Kahindi, akacheka mpaka akakohoa.

"Karani, hiyo si damu. Ni dawa inapita. Ukiona nyekundu, jua imefika."

Kahindi alikuwa Mgiriama, mkulima aliyehamia kwenye delta kulima mahindi. Hakuwa na mke wala mtoto wa karibu, kwa hiyo Hadija alipoleta chakula kwa mtumbwi alileta cha watu wawili. Kila siku mbili tatu mtu alimletea kibuyu cha tembo, ile pombe inayogemwa kwenye mkoma. Muuguzi wetu, tuliyemwita Sista, alimkemea mbele ya wote.

"Kahindi, tembo na vidonge hivi vitakula ini lako!"

"Sista, ini ni moja, lakini kiu ni nyingi."

"Nacheka lakini sicheki. Utakufa."

"Nife nimekosa nini? Niongezee kidonge kimoja basi, nipone haraka, maji yakishuka nikapande. Tope hili litaotesha hata fimbo."

Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mdomo wazi kama kifaranga.

Ramadhani iliandama maji yakiwa bado yamejaa. Kati yetu wagonjwa alikuwemo Maalim Godana, Muorma mwembamba mwenye ndevu nyeupe, aliyetusalisha. Siku ya kwanza ya mfungo, saa sita mchana, alitoa kiti chake nje mahali ambapo kila mtu atamwona, akanywa uji. Kwetu, hata mtu mwenye udhuru hujificha akila mchana wa Ramadhani. Yeye alikunywa taratibu, akalamba kijiko. Nilimdharau. Nilisema moyoni, huyu ndiye maalim?

Wiki hiyohiyo Hadija aliniambia Zainabu anakohoa. Alisema kwa haraka, kama mtu anayeweka mzigo chini na kuondoka. Sista akasema mtoto aletwe apimwe. Nikasema tungoje maji yapungue.

Hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri, wewe ninayekuandikia. Niliketi nikahesabu. Mapafu nimeyaunguza mwenyewe kwa sigara. Mtoto nimemwambukiza mwenyewe. Nyumba haipo, kazi inafanywa na mwingine, mke anavuka maji kila siku kwa ajili ya mifupa ya kilo arobaini na tatu. Nikaona njia moja tu, na nikaiona nzuri. Kujiua sikuweza hata kulitamka, kwa maana nilijua kibali chake kinavyoandikwa na binti anavyonyooshewa kidole. Lakini kufunga? Mgonjwa aliyefunga Ramadhani akafa, nani atamlaumu? Mwenzangu ofisini angeandika kifua kikuu, angepiga muhuri, na watu wangesema amekufa mdomo wake safi.

Nikaanza kufunga. Sindano nilikubali. Vidonge niliviweka chini ya ulimi mpaka Sista ageuke, kisha nikavitema. Futari nilionja tu, nyingine nikampa Kahindi.

"Mgonjwa hafungi, Baba Zainabu," Hadija alisema.

"Niache nitubu sigara zangu."

Mwanamke anambishiaje mtu anayetubu?

Na jambo la ajabu ni kwamba nilipata raha. Nilikuwa mwepesi. Hamu ya sigara iliyonitesa tangu niziache ilikatika. Nikadhani ni neema.

Vyoo vilikuwa vimefurika, kwa hiyo kila mtu alikuwa na kopo lake, na asubuhi tulikwenda kumwaga ukingoni. Asubuhi moja Kahindi alikuwa nyuma yangu.

"Karani. Hebu ngoja. Mbona wako mweupe?"

"Mweupe nini?"

"Mkojo. Wangu huu, tazama, mwekundu kama muhuri wa mahakama. Wako maji ya mvua. Humezi."

Nikamwaga haraka. "Kahindi, usinifuatefuate. Wewe unakunywa tembo juu ya dawa, una lipi la kuniambia?"

"Mimi nakunywa na nameza. Wewe hunywi na humezi. Kati yetu nani mwenye wazimu?"

"Nimefunga."

"Umefunga nini? Mlango?" Akanitazama, na uso wake uliokuwa wa mzaha siku zote ukabadilika. "Wewe unataka kwenda," akasema. "Mama yangu! Karani, wewe unataka kwenda."

Nilimwapia kwamba si kweli. Hakusubiri nimalize. Akaenda, kopo mkononi, moja kwa moja hadi kibanda cha Maalim. Mkristo mlevi, anakwenda kumshitaki Mwislamu aliyefunga kwa maalim wake. Ningekuwa na nguvu ningemkimbilia nikamziba mdomo.

Maalim aliniita adhuhuri. Alikuwa nje kwenye kiti chake, na kando kulikuwa na bakuli mbili za uji. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa ng'ombe, kifupi.

"Kaa. Unafunga?"

"Nafunga, Maalim."

"Siku ngapi?"

"Hii ya kumi na moja."

"Usiku unanuia?"

"Nanuia."

"Nuia sasa. Mimi nisikie."

Nikaanza. Nikasema, nimenuia kufunga kesho. Nikanyamaza.

"Maliza. Kwa ajili ya nani?"

Nimetamka nia hiyo tangu utoto. Ulimi ulijua njia, lakini ulikataa kwenda. Nilimtazama yule mzee. Nikajaribu mara ya pili. Haikutoka. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Nimechoka, Maalim. Nilitaka kuondoka."

Nilingoja moto. Nilingoja aniambie yale ninayoyajua tangu chuoni kuhusu mtu anayejitoa roho. Hakuyasema. Aliangalia maji.

"Kahindi anajiumiza," akasema. "Dhambi ya tembo anayo, mimi sitaifuta. Lakini asubuhi anafungua mdomo, anataka siku nyingine. Wewe mdomo umefunga. Umechukua saumu ya Mungu, umeifanya mtumbwi wa kukutoa hapa. Mungu hakukupa saumu hii. Mgonjwa, Mungu amemwambia, kula. Unajua hiyo ni nini? Yeye mwenye haki ya kudai, amesema, mimi sidai, wewe pona kwanza."

Nilikuwa nimelisikia jambo hilo miaka yote, kwamba mgonjwa ameruhusiwa. Nililichukua kama ruhusa ya ofisini, kikaratasi tu. Mchana ule, mbele ya maji yale yasiyo na mwisho, nililiona lilivyo. Kwamba Yule aliyeweza kuchukua mji mzima kwa mvua ya wiki moja alikuwa anajali kama mimi nimekunywa uji.

"Mimi siku ya kwanza nililia," Maalim akasema. "Tangu mtoto sijaacha hata moja. Nikasema, nikijificha, hawa wagonjwa watafunga kwa haya, watakufa. Kula sasa."

Nikala. Watu walikuwa wakipita. Uji ulikuwa wa mtama, umepoa, hauna sukari. Sikumbuki chakula kitamu kuliko kile.

Sista nilimweleza mwenyewe alasiri ile. Hakunipigia kelele kama nilivyotarajia. Aliniongezea siku kwenye kadi yangu, akavuta kiti, na tangu hapo akawa ananizungumzisha mpaka vidonge vishuke. Siku iliyofuata Zainabu aliletwa kwa mtumbwi. Alipimwa, akaangaliwa wiki mbili. Ilikuwa mafua ya baridi ya mvua. Nilikuwa nimejihukumu kufa kwa ushahidi ambao haukuwa umeletwa.

Hadija sikumwambia. Alifurahi kwamba nimeacha kufunga, nami nikamwacha aamini kuwa Maalim amenishauri tu. Lakini nakuambia lile nililolifanya kwa shida: ukifika pale nilipofika, mwambie mtu mmoja, siku hiyohiyo. Awe muuguzi, awe shekhe au padri, awe mlevi wa kibanda cha pili. Usichague sana.

Sindano zilikwisha mwezi wa Februari. Nilikuwa nimeongezeka kilo nne. Maji yakaanza kushuka, yakaacha samaki kwenye mashimo na tope jeusi linalong'aa, na watu wakaanza kutafuta mipaka ya mashamba yao. Kahindi alikwenda kutazama lake, akarudi na tope mpaka magotini.

"Karani, nimetia kidole, kimezama chote! Nakwambia, mwaka huu nitauza mahindi mpaka Lamu."

Aliponigeukia niliona macho yake ni ya manjano.

Sista alimsimamishia dawa siku hiyo. Safari hii aliacha tembo kweli, akakivunja kibuyu mbele yetu, lakini ini halikumngoja. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba. Alilala akiuliza kama mvua za masika zimeanza. Nilimnyoa ndevu mara mbili. Asubuhi ya siku aliyokufa alimuuliza Sista kama kuna kidonge kingine, cha aina nyingine, ambacho hajajaribu.

Tulimzika kijijini kwao, upande wa barabara ya Malindi. Mimi na Maalim tulikwenda, na Hadija akaja na kinamama kusaidia kupika. Jeneza lilikuwa limeshawekwa kando ya kaburi mzee wa kanisa aliposimama. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa huzuni.

"Ndugu zangu, huyu alionywa. Sista alimwambia, sisi tulimwambia. Mtu akionyeshwa shimo akaingia, tuseme nini? Amejiua. Kanisa halina wimbo wa mtu aliyejiua. Mzikeni, lakini mimi sitasali."

Kaka yake marehemu, mwanamume mrefu, aliinama kama aliyepigwa. Nikaona mkono umeinuka, kumbe ni wangu.

"Mzee, mimi ni Mwislamu na hapa si kwangu. Naomba ruhusa."

"Sema, Karani."

"Nimelala ukuta mmoja na Kahindi tangu mafuriko. Huyu hakujiua."

"Tembo alinyweshwa?"

"Alikunywa mwenyewe. Na lilimuua, sikatai."

"Basi kujiua ni nini, kama si huko?"

Nilijua Hadija yuko wapi. Alikuwa na kinamama, mwiko mkononi, anasikiliza. Ningeweza kusema maneno ya jumla nikaketi. Lakini kaka mtu alikuwa ananiangalia.

"Mzee, mimi nilivuta sigara miaka ishirini, na sikutaka kufa hata siku moja. Halafu nikaacha sigara, nikafunga Ramadhani, na siku kumi na moja nilitaka kufa. Nilikuwa natema dawa. Watu wakiniona walisema, Karani amekuwa mcha Mungu. Mimi nimekaa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti naijua. Aliyeniona ni huyu. Alijua mtu anayetaka kufa anafananaje kwa sababu yeye hakutaka. Ndiye aliyenishitaki mpaka nikala. Yeye alitaka kuishi, amekufa. Mimi nilitaka kufa, nimesimama hapa nazungumza. Sijui kwa nini. Lakini usimwandikie neno lililokuwa langu."

Mzee alimtazama Maalim, na Maalim akatikisa kichwa kukubali. Mzee akavua kofia yake.

"Dhambi ya tembo anayo," akasema.

"Anayo, mzee."

"Hiyo tutamwombea." Akafungua kitabu chake, akageuka kwa kinamama. "Anzeni wimbo."

Wakaimba. Nimehudhuria mazishi mengi kwa sababu ya kazi yangu. Sijawahi kusikia watu wakiimba namna ile, juu ya tope ambalo marehemu mwenyewe alisema litaotesha hata fimbo, na mahindi ya majirani yakiwa yameshatoa majani mawili mawili kote kutuzunguka. Nililia mbele ya watu, mimi Karani, na sikuona haya.

Tulirudi kwa miguu. Maalim alitutangulia mbali, nadhani makusudi. Tulipofika kwenye kivuko Hadija alisimama.

"Siku zile nilizokuwa nikivuka maji na chakula," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaondoka."

"Nilikuwa naondoka."

"Ungekufa, ningekaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, nimevaa nguo ya msiba, namwombea mtu aliyenikimbia. Na nisingejua."

Aliufuta mwiko kwenye kanga yake, ingawa ulikuwa safi.

"Siku za Mungu utazilipa ukipona, utafunga," akasema. "Hizo kumi na moja zangu utazilipaje?"

"Sijui, Hadija."

"Utajua," akasema, akakunja kanga, akaingia majini kabla yangu. "Twende. Mtoto anangoja, na kesho asubuhi una dawa za kumeza mbele yangu."